Aliyetaja Jina Mbona Haulizwi?

Julai 2017, katika kijiji cha Uchama wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa kwa tuhuma za uchawi na miili yao ikachomwa moto. Polisi wakakamata watu zaidi ya 30. Miaka mitatu nyuma, Oktoba 2014, watu saba walikuwa wameuawa kwa tuhuma hizohizo wilayani Kasulu. Baada ya matukio ya namna hii viongozi hufika na msafara wa magari, hushika kipaza sauti, na husema maneno ambayo hata bwana shauri wa Kiingereza wa mwaka 1930 angeyasema bila kubadilisha nukta: wananchi waache imani potofu, elimu itolewe.

Sina ugomvi na elimu. Lakini hoja hii ya imani potofu ina tundu katikati. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa matokeo ya mahojiano yaliyofanyika katika nchi 19 za Afrika, na Watanzania 93 kati ya kila 100 walisema wanaamini uchawi upo. Humo wamo mwalimu, mchungaji, shehe, askari aliyetumwa kukamata, na huenda hata huyo aliyeshika kipaza sauti. Mauaji, hata hivyo, hayajatapakaa nchini kama imani ilivyotapakaa. Takwimu za kati ya 1970 na 1984 zinataja matukio 3,333 Tanzania Bara, yaliyoua watu 3,693: wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Karibu theluthi mbili ya matukio hayo yalitokea Usukumani. Kwa hiyo Mgogo wa Mvumi na Mnyaturu wa Singida waliamini sawa na jirani zao wa kaskazini, wakaugua sawa, wakafiwa na watoto sawa, ila hawakuua vikongwe kwa kiwango kile.

Imani peke yake, basi, haitupi jibu. Imani ya kijiji haimjui bibi kwa jina. Kati ya imani hiyo na panga linaloingia mlangoni saa nane za usiku, yupo mtu aliyelitaja jina, na yupo aliyekuwa na sababu ya kulipokea. Hao wawili ndio ambao tangu ukoloni hatujawauliza kwa dhati, kwa sababu macho yetu yote yako kwa yule aliyeshika panga na kwa ile "jamii" ambayo haina anwani.

Tuanze mbali kidogo, maana kuna watu wanaodhani jambo hili ni letu peke yetu. Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu kama 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa kosa la uchawi, na robo tatu au zaidi kati yao walikuwa wanawake. Hawakuuawa na wakata mapanga usiku. Waliuawa mchana kweupe, kwa hukumu ya mahakama, mbele ya majaji waliosoma chuo kikuu. Huo ndio mzigo wa wasomi katika historia hii, na huwa nashangaa tunapowafuata wasomi haohao kama kwamba kusoma ni chanjo. Mtuhumiwa aliteswa mpaka akiri, na akishakiri aliteswa tena ili ataje wenzake. Kila jina lilizaa majina. Katika miji ya Bamberg na Würzburg nchini Ujerumani, miaka ya 1620, mnyororo huo wa majina ulipanda kutoka kwa vikongwe maskini hadi kwa wake za madiwani na madiwani wenyewe, na ndipo wakubwa walipoanza kujiuliza kama utaratibu wao ulikuwa na akili.

Anayenivutia zaidi katika historia hiyo ni kasisi mmoja wa Kihispania, Alonso de Salazar Frías. Alikuwa mmoja wa majaji watatu wa mahakama ya kidini ya Logroño, iliyowachoma watu moto kwa uchawi mwaka 1610. Mwaka 1611 alitumwa kuzunguka vijiji vya milimani kaskazini mwa Hispania akiwa na barua ya msamaha: atakayekiri hataadhibiwa. Watu 1,802 wakaja mbele yake, na kati yao 1,384 walikuwa watoto. Salazar hakuishia kuandika ungamo na kugonga muhuri. Alimuuliza mmojammoja: mlikutania wapi, mlitoka kwa mlango upi, nani mwingine alikuwepo? Akawapeleka kila mmoja kwa wakati wake waonyeshe mahali pa mkutano wa wachawi, na maelezo hayakulingana. Vyungu vya dawa walivyoleta vikajaribiwa kwa wanyama, na wanyama hawakudhurika. Akaripoti kwa wakubwa wake kwamba hakukuwa na wachawi wala waliorogwa katika vijiji vile mpaka watu walipoanza kuhubiri na kuandika juu yao. Mwaka 1614 mahakama kuu ya kidini ya Hispania ilitoa maelekezo mapya, na uchomaji wa wachawi chini ya mamlaka yake ukakoma kwa kiasi kikubwa, miongo mingi kabla ya nchi nyingine za Ulaya.

Nakuomba uangalie alichofanya na ambacho hakufanya. Salazar hakuacha kuamini shetani. Wanakijiji hawakupelekwa semina. Kilichobadilika ni kwamba mtu akitaja jina, aliulizwa maswali. Ufaransa nayo ilipita njia inayofanana: mahakama kuu ya Paris iliagiza mwaka 1624 kwamba kila hukumu ya uchawi katika eneo lake ipelekwe kwake kwa rufaa, na kesi nyingi zikaanguka kwa kukosa ushahidi, wakati watu mitaani bado wanaogopa wachawi kama jana.

Sasa turudi kwetu, na nianzie Singida, maana ipo habari ambayo wazee wa huko hawajaisahau. Kati ya 1946 na 1948 miili ya watu ilikuwa ikiokotwa Unyaturu imeraruliwa kama iliyoshambuliwa na simba. Wenyeji walisema si simba wa porini. Walisema ni watu-simba, vijana waliofugwa na wachawi, wakavishwa ngozi na kukodishwa kwa mwenye kisasi. Habari kama hizo zilikuwa zimewahi kusikika miaka ya 1920. Utawala wa Kiingereza wa Jimbo la Kati, makao makuu yake yakiwa hapa Dodoma, ulitapatapa: wapo maofisa waliotaka waletwe wawindaji, na wapo waliotaka waletwe wapelelezi. Mwishowe polisi waliamua kwamba sehemu kubwa ya vifo vile ilikuwa mauaji ya binadamu, na watu wakashtakiwa kwa kuua.

Hadithi hii husimuliwa kama kioja, na imewapa Wazungu makala nyingi za kusisimua. Mimi ninachokiona ni cha kawaida kuliko hapo. Palikuwa na mtu mwenye ugomvi, palikuwa na malipo, palikuwa na mkono uliotenda, na juu ya yote palikuwa na ngozi ya simba iliyowafanya majirani waogope kuuliza. Wakati wote ambao mjadala ulikuwa "ni simba au ni mchawi?", aliyelipa alikuwa amekaa nyumbani kwake salama. Weka "mchawi" pahala pa "simba", na hapo una mauaji ya kikongwe ya leo: jirani anajadili kama bibi alikuwa mchawi kweli au hakuwa, wakati swali lenye faida ni nani alitaka aondoke.

Sheria tuliyonayo inasaidia kidogo sana. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, chimbuko lake ni tangazo la kikoloni la 1928, lililochukua nafasi ya lile la 1922. Inamtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, anayekuwa na vifaa vyake, na anayetishia kuutumia. Ilimpa bwana shauri madaraka ya kumwondoa mtuhumiwa mahali anapoishi na kumpangia mahali pengine, yaani bibi aliyesingiziwa angeweza kuhamishwa na serikali kwa manufaa ya waliomsingizia. Sheria hiyohiyo inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi nje ya vyombo vya serikali. Kwa hiyo silaha ya kumbana mtaja-jina imekuwemo kabatini kwa karibu miaka mia moja, imekaa tu inapata kutu. Tunasikia kila mara mganga kakamatwa na pembe na ngozi ya kenge. Kesi ya mtu aliyesimama kilabuni akasema "bibi fulani ndiye anayemaliza watoto wa ukoo huu" unaisikia mara ngapi?

Mahakama, kwa upande wake, iliwahi kuwa na huruma kwa muuaji. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda, iliwapunguzia kosa watu waliomkuta mzee anatambaa uchi usiku kwenye eneo lao wakamuua, ikaona kwamba walichokozwa na kile walichoamini ni uchawi. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Galikuwa, mahakama hiyohiyo ikaweka mipaka: imani tupu haitoshi, lazima pawe na kitendo halisi kilichofanyika mbele ya mtu na kumpandisha hasira ya ghafla. Nawaheshimu majaji wale kwa hilo. Walichodai ni kile alichodai Salazar, yaani kitu cha kuonekana. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kilibaki mahakamani, na bibi hauawi mahakamani.

Nije Ugogo. Kuna wanaosema zamani tulikuwa na amani kamili na uchawi ulikuja na Wazungu, na kuna wanaosema zamani tulikuwa tunauana kama kuku. Wote wawili hawajafanya utafiti. Wagogo waliamini uchawi na walituhumiana. Lakini walikuwa na njia kadhaa za kushughulika na balaa bila kutafuta wa kumbebesha. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi huku miaka ya mwanzo ya 1960, ameeleza moja niipendayo. Maradhi yakiingia kwenye mifugo, wanawake walioolewa walivaa kama wanaume, wakashika mikuki, wakatoka na ng'ombe kwenda machungani, kazi ambayo si yao. Kisha wakacheza ngoma kuelekea magharibi, wakiisukuma ile hali mbaya ya nchi hadi mpakani ikatupwe huko. Balaa ilikuwa ya nchi nzima, na waliokabidhiwa kuiondoa walikuwa wanawake, wote kwa pamoja. Hakuna aliyenyooshewa kidole.

Njia ya pili ilikuwa kuhama. Kaya za Wagogo zilikaa mbalimbali, kila tembe na zizi lake, na mtu aliyekorofishana na jirani au ndugu alifungasha akajenga kwingine. Mnaishi kilomita kadhaa mbali, kila mtu na mtama wake. Hata ukimwogopa mwenzako, huna haja ya kumuua. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, Wagogo wakakusanywa vijijini miaka michache kabla ya nchi nzima kufanyiwa hivyo. Sitaki kuingia katika ubishi wa ujamaa hapa, maji na shule vilikuja kwa watu wengi kwa njia hiyo. Ila nyumba zilipangwa mstari, bibi na aliyekosana naye wakatenganishwa na ua wa miiba, na mlango wa kuhama ukafungwa kwa amri ya serikali. Kule Usukumani mambo yalikuwa hayohayo miaka ya 1974 na 1975, juu ya uhaba wa ardhi na wingi wa watu ambao Dodoma ya wakati ule haikuwa nao. Huo uhaba wa ardhi ndio ninaoupa uzito kuliko tofauti zozote za mila.

Waswahili tuna methali: mchawi mpe mtoto akulelee. Huwa tunaitumia kwa mzaha, lakini ni siasa ya watu wazima. Inakubali kwamba unayemhofia utaishi naye, tena mfanye awe na sababu ya kukutakia mema. Ni methali ya watu wasiotarajia kumwua mtu.

Sasa macho mekundu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo Dodoma ina jibu lake yenyewe na halitumiki.

Kila mtu anajua kwamba bibi mwenye macho mekundu ndiye wa kwanza kushukiwa. Maelezo ya kawaida ni moshi, na ni ya kweli. Kanda ya Ziwa, miti ilipokwisha, akina mama walipikia vinyesi vya ng'ombe miaka nenda rudi. Huku kwetu tembe la zamani lilikuwa na paa bapa la udongo, mlango wa kuinama na tundu la hewa lisilozidi kiganja. Mwanamke aliyepika humo miaka 50 huwezi kutegemea awe na macho meupe. Lakini mkoa huu una kitu cha ziada, nacho ni vikope, yaani trakoma. Wilaya ya Kongwa, ambayo wengi tunaikumbuka kwa mradi wa karanga uliowashinda Waingereza na kwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini, inajulikana kwa madaktari wa macho duniani kwa sababu nyingine kabisa: tangu miaka ya 1980 ni moja ya mahali palipofanyiwa utafiti mwingi zaidi wa ugonjwa huu.

Ugonjwa wenyewe unaenda hivi. Mtoto mdogo ana tongotongo na makamasi, nzi wanatua, maji ya kumnawisha ni ya kuchota mbali. Bakteria inahama kutoka jicho la mtoto hadi kidole cha mama, au ncha ya khanga aliyomfutia, hadi jicho la mama. Anapona, anaambukizwa tena, anapona, anaambukizwa tena, miaka na miaka. Kovu linajijenga ndani ya kope la juu mpaka linajikunja, na nywele za kope zinageukia ndani. Kuanzia hapo kila anapopepesa, nywele zinakwangua mboni. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, haliwezi kuvumilia jua. Ukimkuta bibi wa namna hiyo kivulini mchana, amejifunika khanga usoni, ameshika kibano kidogo cha chuma, ananyofoa kope mojamoja kwa kupapasa kwa sababu hazioni, utajua anachofanya kama unajua vikope. Kama hujui, utaona mwanamke asiyependa mwanga, anayekaa peke yake, asiyekutazama usoni, mwenye macho ya damu, anayeokota vitu visivyoonekana.

Na kwa nini ni bibi, si babu? Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Kwa maneno mengine, macho yale ni cheti cha kazi ya kulea, na ndiyo tuliyoyafanya kuwa ushahidi wa kumaliza watoto. Ugawaji wa vidonge vya azithromycin, unawishaji wa uso na upasuaji mdogo wa kope umepunguza sana ugonjwa huu nchini. Upasuaji wenyewe hufanyika kwa ganzi ya kope tu na mgonjwa hurudi nyumbani. Sijasikia mkutano wa kupinga mauaji ya vikongwe ambao daktari wa macho alipewa nafasi ya kuongea, ingawa angefanya kazi kubwa kwa dakika 15 kuliko hotuba zote.

Lakini hata macho mekundu hayaui. Bibi huishi nayo miaka 20 bila mtu kumgusa. Kinachohitajika ni mwaka mbaya. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, Usukumani, akakuta kwamba mwaka wa ukame mkali au wa mafuriko mauaji ya "wachawi" huongezeka maradufu, wakati mauaji ya aina nyingine hayabadiliki. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, wengi kutoka kaya maskini, na mara nyingi waliowaua walikuwa ndugu zao. Rudia hiyo: ndugu zao. Dodoma inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, zote kati ya Desemba na Aprili. Januari ikikauka, kila mtu huku anajua maneno yanayoanza, kwamba mvua imefungwa na kuna aliyeifunga. Ugogo wenyewe ulipita njaa ya Mtunya wakati wa vita vya kwanza vya dunia na mara baada yake, iliyoua watu wanaokadiriwa kufika 30,000. Mkoa wenye kumbukumbu hiyo hauhitaji kufundishwa kwamba chakula kikipungua watu huhesabu midomo iliyozunguka chungu.

Na mdomo wa mjane ndio wenye utetezi mdogo. Tangazo la Sheria za Mila la 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuja na usawa, lakini kwenye kikao cha ukoo chini ya mbuyu ni lile la 1963 linaloongea. Matokeo yake mwanamke wa miaka 70 amekaa juu ya shamba ambalo si lake, na si la mtu mwingine mpaka yeye aondoke. Wapo watoto wa mume kwa mke mwingine. Wapo mashemeji. Kijana aliyerudi kutoka mjini hana kitu, shamba lipo, na bibi bado anapumua.

Hapo ndipo mganga anapoingia, na sio kila mganga. Wapo wanaotibu kuvunjika mifupa na homa, wanaoheshimika, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliwatambua. Nazungumzia mpiga ramli chonganishi na wale wanaoitwa lambalamba, wanaopita vijijini kwa mwaliko, tena mara nyingine kwa mchango wa kila kaya, kufichua wachawi. Kazi yao ni ya ustadi. Mpiga ramli mzoefu hataji jina. Anauliza kwanza: mgonjwa ameanza lini, nyumbani mko wangapi, shamba la marehemu nani analima. Anatupa kauri zake, anakaa kimya, kisha anasema: namwona mama, si wa mbali, mlango wake unatazama jua linapozama, mlikula naye kwenye msiba. Anamalizia kwa "kikulacho ki nguoni mwako." Mteja ndiye anayesema, "Ni mama mkubwa." Mganga anaitikia kwa kichwa. Akikamatwa kesho ataapa kwamba hakumtaja mtu, na kwa ulimi wake hajamtaja. Mteja naye ataapa kwamba kaambiwa na mganga. Jina limezaliwa kati yao, halina baba.

Serikali imewahi kupiga marufuku. Januari 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Mwaka 2015 waganga zaidi ya 200 walikamatwa kwenye msako. Marufuku ya jumla ina kasoro ileile ya "jamii iache": inamlenga kila mtu, kwa hiyo haimpati yeyote. Mganga wa kweli anaacha kazi, mpiga ramli anahamia wilaya ya pili na simu yake mkononi. Siku hizi hata safari haihitajiki, mteja anatuma pesa kwa simu na kusikiliza majibu kwa spika.

Najua wapo watakaosema: mwandishi huyu hajalogwa ndiyo maana anaongea. Mimi sikuombi uache kuamini. Amini utakavyo. Nakuuliza kama ungekubali ng'ombe wako achukuliwe kwa ushahidi wa kauri, mtu aseme tu "namwona ng'ombe mwekundu, si wa mbali". Ungeita mwenyekiti, ungedai alama, ungedai shahidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu watu 765 waliouawa kwa tuhuma za uchawi mwaka 2013 pekee, 505 wakiwa wanawake. Wote hao walipimwa kwa kipimo ambacho hatukikubali kwa ng'ombe.

Kwa hiyo pendekezo langu halihusu mioyo ya watu. Linahusu jalada la polisi. Kikongwe akiuawa kwa panga na hakuna kilichoibwa, mpelelezi asianze na kijiji kizima kwa kukamata vijana 30, ambao baadaye huachiwa kwa kukosa ushahidi. Aanze na wiki sita zilizotangulia: nani katika ukoo aliugua au kufiwa, alikwenda kwa mganga gani, alikwenda na nani, alilipa nini na kwa simu ipi. Miamala ya simu inaongea kuliko mashahidi. Mganga aliyesajiliwa apoteze usajili na ashtakiwe kwa kushiriki kuua pale ramli yake inapotangulia kifo, awe alitaja jina kwa ulimi au kwa mlango unaotazama machweo. Mwenyekiti wa kijiji aliyesikia bibi anatajwa kilabuni na hakuandika taarifa, naye aulizwe.

Na kuna hatua moja isiyohitaji bajeti wala semina. Shamba la bibi aliyeuawa, nyumba yake na mifugo yake visigawanywe na kikao cha ukoo mpaka jalada lifungwe. Baraza la kata liandike kwamba eneo hili limezuiwa, asilime mtu, asiuze mtu, hata kama ni misimu minne, na barua ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji ambapo kila mwenye hamu ya hilo shamba ataisoma kabla hajaenda kwa mganga.